Karanga, Vumbi na Mwanzo wa Ulimwengu

Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Hesabu zilipitishwa London kabla udongo na mvua havijapimwa vya kutosha. Reli ilijengwa kutoka pwani hadi Nachingwea. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Baadaye reli ikang'olewa. Leo, kuanzia Nachingwea hadi Ruangwa, zao linalotegemewa ni korosho.

Kisa hiki hunijia ninaposoma nadharia ya mfumuko wa ulimwengu. Mwaka 1981 Alan Guth alipendekeza kwamba ulimwengu, ulipokuwa mchanga kabisa, ulitanuka ghafla ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde. Machi 2014 watafiti wa darubini ya BICEP2, huko Ncha ya Kusini, walitangaza kuwa wameona alama ya mfumuko huo.

Wakakaa pamoja na wenzao wa setilaiti ya Planck, wakapima upya. Mwaka 2015 wakakiri: walichoona kingeweza kuwa vumbi tu la galaksi yetu.

Kukosea si aibu. Nadharia ya Guth bado inasubiri kipimo. Nachingwea, pori lilifyekwa kwanza, vipimo vikafuata.