Alama za breki za molekuli

Bombo, huku milimani Same, kanga huanikwa imegeuzwa, upande wa ndani ukitazama jua. Ukisahau, miezi michache tu imepauka. Bibi atakwambia jua limeila rangi, na hajakosea sana: mwanga hubomoa molekuli za rangi. Kilichowachukua wanasayansi muda ni kuona zinavyobomoka.

Wenyewe huuita uvunjikaji huo nusu mgongano. Ni kama ajali ambayo magari hayakuja kugongana. Mwanga umeyakuta yamebanana, ukayarusha kila moja upande wake. Mtafiti basi ni kama trafiki aliyefika ajali imekwisha: anapima alama za breki.

Mwaka 1987, David Chandler na Paul Houston wa Marekani walipiga leza kwenye gesi ya methili ayodaidi, wakavielekeza vipande kwenye kioo kinachomeremeta kila kinapogongwa, kamera ikikusanya vitone. Picha ilitoka na ukungu. Miaka kumi baadaye, mjini Nijmegen, Uholanzi, André Eppink na David Parker waliondoa nyavu za waya zilizopotosha njia za vipande, wakaweka bamba zenye matundu wazi. Ukungu ukawa miduara myembamba.

Kazi kubwa, kwa maoni yangu, ni ya kusoma picha hiyo. Vipande huruka pande zote kama donge linalofura, lakini kioo huonyesha chapati. Kuirudisha chapati iwe donge kunahitaji hesabu ya Niels Henrik Abel, kijana wa Norway aliyekufa 1829 akiwa na miaka 26, hata leza hajaiota. Nayo hukubali tu ikiwa donge lilikuwa la duara kuuzunguka mhimili wa mtetemo wa mwanga. Likishapatikana, upana wa mduara hutoa kasi. Mduara mdogo humaanisha nishati nyingine imebaki ndani ya vipande, ikivitikisa.

Wale wa Nijmegen walijaribu mtambo wao kwa oksijeni. Mwanasayansi Sydney Chapman alishaeleza mwaka 1930 kwamba angani juu, miale ya urujuanimno huivunja oksijeni. Atomu iliyoachwa huru hugongana na molekuli nyingine ya oksijeni, ya tatu ikipokea nishati ya ziada, na ozoni huzaliwa. Huo sasa ni mgongano mzima. Miale mikali zaidi huishia huko. Iliyobaki ndiyo inayofika kwenye kamba ya nguo.