Rekodi za wanavikapu wa LSU na fumbo la alama 3,667 za Maravich

MNAMO Machi 2, 2023, mwanavikapu Antoine Davis wa Chuo Kikuu cha Detroit Mercy nchini Marekani alifunga alama 22, lakini timu yake ikalazwa 71-66 na Youngstown State katika robo fainali ya ligi yao.

Hesabu yake ya miaka mitano ikakomea alama 3,664. Alihitaji mtupo mmoja tu wa alama tatu ili kuifikia rekodi iliyokuwa imewekwa mwaka wa 1970, miaka mingi kabla ya yeye kuzaliwa.

Rekodi hiyo, alama 3,667, ni ya marehemu Pete Maravich wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, maarufu kama LSU, mjini Baton Rouge. Hadi Davis alipomkaribia, hakuna mwanamume katika daraja la kwanza la vyuo vikuu aliyekuwa amefika hata karibu naye.

Lakini swali linaloulizwa na mashabiki tangu siku hiyo si nani angestahili rekodi. Swali ni je, wawili hao walikuwa wakihesabiwa kwa mizani moja? Ili kulijibu, inafaa kukifungua kitabu cha rekodi za LSU na kukisoma safu baada ya safu.

Jinsi rekodi zinavyopangwa

Kila chuo kikuu chenye timu ya vikapu huhifadhi rekodi za wachezaji wake kwa mafungu matatu: rekodi za mechi moja, za msimu mmoja, na za maisha yote ya mchezaji chuoni. Chini ya kila fungu huorodheshwa alama, mipira ya kurudi inayodakwa baada ya mtupo kukosa kikapu, pasi zinazozaa vikapu, mitupo ya wapinzani iliyozimwa na kadhalika.

Mwenye rekodi ya mechi moja huenda alijaliwa usiku mmoja wa neema. Mwenye rekodi ya maisha huenda alijaliwa afya njema na miaka mingi uwanjani. Ni wachache mno wanaotawala mafungu yote matatu, na katika safu ya alama pale LSU, Maravich ndiye anayeyatawala yote.

Safu ya alama

Maravich alizaliwa Juni 22, 1947, mjini Aliquippa, jimbo la Pennsylvania. Alijiunga na LSU mwaka wa 1966, wakati uo huo ambapo babake, Press Maravich, aliteuliwa kuwa kocha wa timu hiyo.

Katika msimu wa 1967-68 alifunga alama 1,138 kwa mechi 26. Msimu uliofuata alifunga 1,148 kwa mechi 26 nyingine, na msimu wa 1969-70 akafunga 1,381 kwa mechi 31. Jumla ni alama 3,667 kwa mechi 83, wastani wa alama 44.2 kwa kila mechi.

Januari 31, 1970, alipokuwa akichuana na Chuo Kikuu cha Mississippi, aliipita rekodi ya kitaifa ya Oscar Robertson wa Cincinnati, ambaye alikuwa amestaafu vikapu vya chuo akiwa na alama 2,973.

Wiki moja baadaye, Februari 7, alifunga alama 69 dhidi ya Alabama, idadi ambayo haijawahi kufikiwa na mchezaji mwingine wa LSU katika mechi moja. Kabla ya enzi zake, fahari ya chuo hicho ilikuwa alama 60 ambazo Bob Pettit alifunga dhidi ya Louisiana College mnamo Desemba 1953.

Anayemfuata Maravich kwa alama za maisha pale LSU ni Rudy Macklin, aliyefunga 2,080 kati ya 1976 na 1981. Pengo baina ya wa kwanza na wa pili ni alama 1,587. Mchezaji anaweza kuwa nyota chuoni kwa miaka mitatu na asiufunge hata huo mwanya ulio kati yao.

Mwingine asiyeweza kusahaulika ni Chris Jackson, ambaye baadaye alisilimu na kuitwa Mahmoud Abdul-Rauf. Akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza msimu wa 1988-89, alifunga alama 965 kwa mechi 32, jumla ambayo haikuwa imewahi kufikiwa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika daraja hilo. Machi 4, 1989, aliwafunga Mississippi alama 55.

Jackson alicheza misimu miwili pekee kisha akaingia ligi ya kulipwa ya NBA. Kwa hivyo jina lake haliko kileleni mwa orodha ya maisha, ingawa wastani wake wa alama 29 kwa mechi unawashinda wengi walio juu yake.

Mipira ya kurudi na mitupo iliyozimwa

Tukigeukia kazi ya chini ya kikapu, Macklin ndiye baba lao. Alidaka mipira 1,276 kwa mechi 123. Katika mechi yake ya kwanza kabisa, dhidi ya Tulane mnamo Novemba 1976, alidaka mipira 32, nayo ikawa rekodi ya chuo kwa mechi moja.

Nyuma yake yupo Shaquille O'Neal, aliyedaka 1,217 kati ya 1989 na 1992. Hata hivyo, O'Neal alicheza mechi 90 tu. Wastani wake ni mipira 13.5 kwa mechi, ilhali wa Macklin ni 10.4. Mshindi wa safu moja huwa wa pili katika safu iliyo kando yake.

Kwa kuizima mitupo ya wapinzani, O'Neal hana mshindani. Alizima mitupo 115 msimu wa kwanza, 140 wa pili na 157 wa tatu, jumla 412, kisha akawa mchezaji wa kwanza kuchaguliwa na timu za NBA mwaka wa 1992.

Lakini hapa msomaji anapaswa kutua kidogo. Shirikisho la michezo ya vyuo vikuu Marekani, NCAA, lilianza kuweka takwimu rasmi za kitaifa za mitupo iliyozimwa katika msimu wa 1985-86. Mipira ya kurudi ilianza kuhesabiwa kitaifa mwaka wa 1950-51, na mitupo ya alama tatu mwaka wa 1986-87.

Bob Pettit, aliyeifikisha LSU nusu fainali ya kitaifa mwaka wa 1953, alikuwa mrefu na hodari chini ya kikapu. Ni mitupo mingapi aliyoizima? Hakuna anayeweza kusema, kwa sababu wakati huo hakuna aliyeketi kando ya uwanja akiihesabu. Nafasi tupu katika jedwali si ushahidi kwamba mchezaji hakufanya kitu.

Sheria zilizobadilika

Tofauti kubwa zaidi kati ya Maravich na waliomfuata imo katika sheria za mchezo.

Kwanza, enzi zake wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawakuruhusiwa kuchezea timu kuu. Ruhusa hiyo ilitolewa mwaka wa 1972. Katika msimu wa 1966-67, Maravich aliichezea timu ya wageni wa chuo na kufunga alama 741 kwa mechi 17. Alama hizo hazimo katika rekodi yake. Zingeongezwa, jumla yake ingekuwa 4,408.

Pili, hakukuwa na mtupo wa alama tatu. Kikapu kilichofungwa kutoka mbali kilikuwa na thamani sawa na kilichofungwa chini ya ubao. Alama zake zilitokana na vikapu 1,387 vya alama mbili-mbili na mitupo huru 893.

Tatu, hakukuwa na saa ya kuilazimisha timu itupe mpira. Timu iliyoongoza ingeweza kuushikilia mpira kadiri ilivyopenda, na mfungaji wa upande wa pili akabaki kutazama. Saa ya sekunde 45 iliingia katika vyuo vyote vya wanaume msimu wa 1985-86.

Davis, kwa upande wake, alicheza mechi 144 na kufunga vikapu 588 vya alama tatu. Aidha, alipewa mwaka wa tano kutokana na msimu uliovurugwa na janga la corona. Wastani wake ulikuwa alama 25.4 kwa mechi. Kuyasema haya si kumpunguzia sifa, kwani alicheza kwa sheria alizozikuta, sawa na alivyofanya Maravich.

Machi 3, 2024, Caitlin Clark wa Chuo Kikuu cha Iowa aliipita jumla ya Maravich na kuwa mfungaji bora wa wanaume na wanawake katika historia ya daraja la kwanza la NCAA. Alimaliza masomo akiwa na alama 3,951 kwa mechi 139. Rekodi ya wanaume ilibaki palepale Baton Rouge, lakini haikuwa tena kilele cha mchezo mzima.

Upande wa pili wa shilingi

Wapo wanaoutazama utukufu wa Maravich kwa jicho la shaka, nao wana hoja.

Alitupa mpira mara 3,166 akitafuta vikapu vya kawaida, yaani takriban mara 38 kwa kila mechi, na mitupo 1,779 ikakosa. Ni kocha aliyekuwa babake tu, wanasema, angempa mchezaji uhuru kama huo.

Isitoshe, usiku ule wa alama 69, LSU ilishindwa na Alabama 106-104. Katika misimu yake mitatu timu ilishinda mechi 14 na kushindwa 12, ikashinda 13 na kushindwa 13, kisha ikashinda 22 na kushindwa 10. Hakuwahi kucheza katika mashindano makuu ya NCAA. Macklin, mwenye alama chache mno kumliko, aliifikisha timu nusu fainali ya kitaifa mwaka wa 1981.

Lakini hata ushindi huo wa Maravich unahitaji kupimwa kwa hali aliyoikuta. Msimu mmoja kabla ya kuingia timu kuu, LSU ilikuwa imeshinda mechi tatu tu na kushindwa 23.

Wasiohesabiwa

Kuna safu nyingine ambayo haimo katika kitabu chochote cha rekodi, nayo ndiyo nzito kuliko zote.

Maravich alipokuwa akifunga alama zake, LSU haikuwa na mchezaji hata mmoja mweusi. Collis Temple, wa kwanza kuichezea timu kuu ya vikapu, aliingia uwanjani msimu wa 1971-72, baada ya Maravich kuondoka. Katika ligi nzima ya vyuo vya kusini mashariki, SEC, Perry Wallace wa Vanderbilt ndiye aliyefungua mlango huo mwaka wa 1967.

Wakati huo, vipaji havikuwa haba Louisiana. Mjini humohumo Baton Rouge, Bob Love aliichezea Southern, chuo kikuu cha Wamarekani weusi, kabla ya kuwa nyota wa Chicago Bulls. Kaskazini mwa jimbo hilo, Willis Reed aliichezea Grambling na kufunga alama 2,280, kisha akaiongoza New York Knicks kutwaa ubingwa wa NBA mwaka wa 1970.

Reed na Love walikulia kusini kuliko Maravich, lakini milango ya LSU ilikuwa imefungwa kwao. Kwa hivyo orodha ya rekodi za chuo hicho kabla ya 1971 ni orodha ya waliopewa nafasi, wala si ya wote waliokuwa na uwezo. Maravich hakuiweka sheria hiyo, lakini anayetaka kuielewa rekodi yake hana budi kuikumbuka.

Namba na mtu

Maravich alifariki Januari 5, 1988, mjini Pasadena, California, akiwa na umri wa miaka 40. Alizirai uwanjani akicheza vikapu vya kujifurahisha na marafiki. Uchunguzi ulibainisha kwamba alizaliwa bila mmoja wa mishipa mikuu inayoupelekea moyo damu.

Mtu huyo ndiye aliyekimbia uwanjani mechi 83 za LSU na kufunga alama 44 kila usiku. Mwaka huohuo wa kifo chake, ukumbi wa michezo wa LSU ulipewa jina lake. Jezi yake nambari 23 ilistaafishwa mwaka wa 2007, na sanamu yake ikazinduliwa nje ya ukumbi mwaka wa 2022, karibu na zile za Pettit na O'Neal.

Siku moja huenda akatokea mwanamume atakayefunga alama 3,668. Akitokea, apongezwe kwa dhati. Kisha msomaji afanye lile ambalo kitabu cha rekodi humtaka afanye: aangalie ni mechi ngapi alizocheza, kwa sheria zipi, na ni nani waliozuiwa kuingia uwanjani.