Nyumba ya Mbao ya Kirolirwe

Anayepanda kutoka Sake kuelekea Kitchanga huanza kusikia baridi kabla hajafika Kirolirwe. Malisho yamefunika vilima, waya wa miiba umevutwa kutoka nguzo hadi nguzo, na kandokando ya mazizi kuna nyumba za mbao zenye paa la mabati. Wageni wengi huziona ni vibanda vya watu walioshindwa kununua matofali. Mimi ni mtoto wa fundi aliyezijenga, na jambo hilo linaniuma, kwa sababu kila mti ndani ya nyumba hizo umewekwa mahali pake kwa sababu.

Wazee wa Kihunde na majirani zao walijenga nyumba za duara, kwa miti, mianzi na nyasi. Nyumba ya pembe nne ilishika nguvu pamoja na mashamba ya wakoloni. Shirika la kikoloni, Comité National du Kivu, liliundwa mwaka 1928, na kupitia mkono wake walowezi wa Kibelgiji wakapata ardhi kubwa za milimani. Kisha, kuanzia 1937 hadi 1955, serikali ya kikoloni ikahamisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda, wengi wao wakawekwa Gishari, humuhumu Masisi. Mashamba yalitaka vibarua, vibarua walitaka pa kulala, na mikaratusi iliyopandwa na wazungu ilikua upesi.

Babu yangu alikuwa mpasua mbao. Gogo hupandishwa juu ya kichanja, mmoja anasimama juu yake, mwingine chini, nao wanavutana msumeno mrefu kutwa nzima. Wa juu ndiye anayefuata mstari wa mkaa. Wa chini anavuta na kula unga wa mbao. Babu alikaa chini miaka mingi, macho yake yakabaki mekundu mpaka uzeeni.

Papa yeye alijenga. Kwanza alipanga mawe ya volkano, safu moja au mbili, akiyachagua kwa mkono mpaka yasicheze. Juu ya mawe alilaza boriti la chini, mti mnene kuliko yote, ukizunguka nyumba nzima. Kwenye pembe maboriti mawili huchongwa nusu kwa nusu, yakalaliana, yakafungwa kwa msumari mmoja mrefu. Nguzo husimama juu ya boriti hilo, hazichimbiwi, maana nguzo iliyo ndani ya udongo wa Masisi haikawii kuoza kwa mvua zetu. Katika kila pembe anaweka mti wa mshazari. Papa alikuwa akiisukuma fremu kwa bega kabla ya kupigilia ubao wa kwanza. Ikitikisika, anaongeza mshazari mwingine.

Mbao za ukuta huanzia chini kwenda juu, kila ubao ukifunika ukingo wa uliotangulia, ili maji ya mvua yateremke nje. Mbao za chini hupakwa oili chafu ya gari dhidi ya mchwa na unyevu. Milango ya wenye uwezo ilitengenezwa kwa libuyu, mbao ngumu kutoka misitu ya Walikale. Jiko hujengwa peke yake, pembeni, na jibini la shambani nalo lina chumba chake, chenye rafu za mbao ambamo magurudumu ya jibini hugeuzwa kila siku.

Lakini la muhimu zaidi ni kwamba nyumba hiyo inafunguka. Mabati yanashuka kwanza, kisha kenchi, kisha ukuta kuanzia ubao wa juu. Papa aliandika namba kwa mkaa nyuma ya kila ubao, akainyoosha misumari yote juu ya jiwe na kuitia ndani ya kopo. Fundi hakubuni haya kwa kupenda kuhama. Mwenye shamba tulilokaa alituruhusu kujenga kwa mbao, akatukataza matofali na kupanda miti, kwa kuwa matofali na miti vingekuja kusemwa kuwa ni haki ya ardhi. Sheria ya Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya serikali, na Novemba mwaka huohuo Mobutu akatangaza mashamba ya wageni yapewe Wazairwa. Mabwana wakabadilika. Nyumba ya mchungaji ikabaki ya mbao.

Vita vilivyoanzia Ntoto, Walikale, Machi 1993, viliingia Masisi na kuteketeza nyumba nyingi kuliko mchwa wote. Wenye bahati waliwahi kushusha mabati. Januari 2023, waasi wa M23 walipoiteka Kitchanga, watu wetu walikimbilia Sake na Goma mikono mitupu. Hakuna anayefungua nyumba huku risasi zinalia.

Huko Goma ufundi huu una kazi kubwa. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002 na lava ikapita katikati ya mji, zaidi ya watu laki moja walikosa makazi, na wengi walijenga upya kwa mbao juu ya mwamba mpya uliokataa kuchimbwa. Boriti lililolazwa juu ya mawe ndilo lililofaa pale. Siku hizi naona mafundi wa haraka wakisimamisha mbao mbichi moja kwa moja juu ya ardhi, bila boriti la chini, bila mishazari. Mwenye nyumba analipa leo, na baada ya misimu michache ya mvua ukuta unalika kuanzia chini. Nikiitwa kukagua nyumba ya namna hiyo, nachomeka kisu kwenye ubao wa kwanza karibu na mlango. Kikizama, namwambia mwenyewe asinunue mbao za ukuta kwanza. Anunue mti mmoja mnene wa mkaratusi uliokauka, tuinue nyumba yake, tuulaze chini yake.