Hekalu si Sinagogi: Jengo Moja la London na Wahamiaji Wake

Katika kazi za wanafunzi wangu wa tafsiri nimekutana mara nyingi na neno hekalu likitumiwa kwa maana ya sinagogi. Kosa hili huonekana dogo, lakini hufuta historia. Hekalu linalosimuliwa katika Biblia lilikuwa Yerusalemu, nalo liliangamizwa na Warumi mwaka 70. Sinagogi, kwa asili yake ya Kigiriki, ni mkusanyiko. Kwa Kiebrania ni beit knesset, yaani nyumba ya kukusanyikia. Hekalu lilifungamana na mahali. Sinagogi hufungamana na watu, na watu huhama.

Ndiyo maana usanifu wa masinagogi hauna umbo moja. Ibada hudai machache: sanduku la magombo ya Torati, ambalo kwa desturi huwekwa upande wa Yerusalemu, jukwaa la kuisomea, na, kwa wenye kushika mapokeo, mahali pa wanawake palipotengwa, aghalabu roshani. Mengine huazimwa kwa majirani. Sinagogi la Bevis Marks, lililofunguliwa London mwaka 1701 na Wayahudi wenye asili ya Hispania na Ureno, lilijengwa na Joseph Avis, Mkristo wa madhehebu ya Quaker. Kwa nje ungelidhania kanisa la Waprotestanti wa wakati huo.

Mfano ulio bora zaidi uko mtaa wa Brick Lane, katika jiji hilohilo. Jengo lake lilijengwa mwaka 1743 kuwa kanisa la Wahuguenoti, Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa. Mwaka 1809 lilikodiwa na chama kilichokusudia kuwageuza Wayahudi kuwa Wakristo, jambo ambalo halikufanikiwa sana. Mwaka 1819 likawa la Wamethodisti. Kisha wakaja Wayahudi wa dola ya Urusi, waliokimbia umaskini na mashambulio yaliyofuata kuuawa kwa mfalme wao mwaka 1881. Wengi walikuwa mafundi cherehani. Kundi lao moja, Machzike Hadath, liliwaona Wayahudi waliotangulia London kuwa wamelegea katika sheria za dini, hasa za uchinjaji, likataka nyumba yake lenyewe. Mwaka 1898 likaligeuza kanisa lile kuwa sinagogi. Hawakuhitaji kubomoa, walihitaji kukusanyika.

Vizazi vyao vilipohamia kaskazini mwa jiji, waumini walipungua. Mwaka 1976 jengo likawa msikiti wa wahamiaji kutoka Bangladesh, uitwao Jamme Masjid. Hapa mwanaisimu hana budi kusimama kidogo. Jamme hutokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kukusanya, uleule uliotupa jamaa, jamii, jumuiya na Ijumaa. Lugha imebadilika, dini imebadilika, ilhali jina la nyumba limebaki na maana ileile. Mtafsiri atakayeandika hekalu hataliona hilo.

Saa ya jua iliyochongwa mwaka 1743 ingali juu ya ukuta wake, upande wa mtaa wa Fournier.