Karanga za Nachingwea na Programu ya Ruangwa

Mwanafunzi mmoja mzaliwa wa Ruangwa alinijia hivi karibuni na swali. Chama cha msingi cha ushirika kijijini kwao kinahitaji programu ya kuandika uzito wa korosho na ufuta wa kila mkulima. Je, aiandike mwenyewe, mstari kwa mstari, au atumie zana za siku hizi ambazo mtu huburuta visanduku kwenye skrini hadi programu ikamilike? Mimi si mhandisi wa kompyuta. Ni mtu wa historia. Nilimwambia aanzie kwa jirani zake wa Nachingwea, mwaka 1947.

Mwaka huo Serikali ya Uingereza, ikikabiliwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianzisha mpango wa kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, kwa lengo la zaidi ya ekari milioni tatu. Kwa haraka hiyo ikatumia vyombo vilivyokuwapo: matrekta yaliyochakaa vitani, na hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta. Udongo wa Kongwa, ukikauka, ulikuwa mgumu kama saruji. Huku kusini zikaanza kujengwa bandari ya Mtwara na reli ya Nachingwea kabla ya shehena kujulikana. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, ukiwa umemeza takriban pauni milioni 36. Baadaye reli nayo iling'olewa.

Kosa, kwa maoni yangu, halikuwa kutumia chombo kilichoundwa kwa kazi nyingine. Kosa lilikuwa kuruka hatua ya shamba dogo la majaribio.

Serikali yetu nayo imepita njia panda hii. Kwa miaka mingi hesabu zake ziliendeshwa kwa Epicor, programu ya kununua. Kisha wataalamu wa ndani wakaunda MUSE. Mwaka 2023 mfumo wa ununuzi wa TANePS uliupisha NeST, uliojengwa na Watanzania. Wengi husema chetu kimeshinda cha wageni. Mimi naona zaidi ya hapo: anayetumia cha kununua kwa makini hujifunza namna ya kujenga chake.

Basi nilimshauri hivi: aanze na zana ya kuburuta, kwa ghala moja na msimu mmoja. Akishaijua kazi, na akipatikana kijana atakayebaki kijijini kuitunza programu, ndipo aandike yake. Lakini tangu siku ya kwanza ahakikishe kwamba kumbukumbu zote zinaweza kutolewa na kuhifadhiwa na chama chenyewe. Kilo zikipotea kwenye kompyuta, anayekosa malipo ni mkulima.

Waingereza walipofunga virago, ardhi ilibaki kwa wenyeji. Kumbukumbu za jasho lao nazo zibaki kwao, zana yoyote itakayochaguliwa.