Nuru ya Kutibu Usahaulifu

Sisi tuliokulia pwani, mtu akisema maneno yasiyoshikana tulikuwa tukisema, "Mpelekeni Mirembe!" hali ya kuwa wengi wetu hatujapata kuiona Dodoma. Hospitali hiyo ya wagonjwa wa akili ilijengwa na Waingereza katika miaka ya 1920, huko bara kwenye ardhi kavu ya Wagogo. Kabla yake wamisheni wa Kijerumani walikuwa na nyumba ya Lutindi, katika milima ya Usambara, iliyoanzishwa kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, kisha ikageuzwa kuwa ya wagonjwa wa akili. Baadaye Dodoma ikawa na Isanga pia, ya wagonjwa waliotenda makosa ya jinai. Basi jina la Dodoma likatutia hofu ya kufungiwa, si tamaa ya kupona.

Hofu hiyo iliwadhuru hasa wazee. Bibi aliyekula sasa hivi akadai hajala, au akapotea njia ya kwao, alifichwa chumbani. Na penginepo, Mungu atuepushe, aliitwa mchawi. Kumbe ni maradhi. Mwaka 1906 tabibu Alois Alzheimer, wa Ujerumani, aliuchunguza ubongo wa mwanamke aliyefariki akiwa na miaka 55, akakuta uchafu uliogandamana ndani yake.

Siku hizi twasikia khabari za kuyatibu maradhi haya kwa nuru. Tibu ya nuru si jambo geni: Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa taa. Ama kwa ubongo, mwaka 2016 wataalamu wa Marekani waliwaweka panya wagonjwa mbele ya taa inayomemeteka mara 40 kwa sekunde. Ule uchafu ukapungua katika sehemu ya ubongo inayohusika na kuona. Lakini panya si babu yako. Majaribio kwa watu yamefanywa, na faida yake haijathibitika. Wenye kuuza kofia za taa wametangulia mbele ya ilimu.

Hapa kwetu Tanzania, wilaya ya Hai, Kilimanjaro, katika miaka ya 2009 na 2010 walipimwa wazee kama 1,200 wenye miaka 70 na zaidi, wakaonekana wagonjwa wa usahaulifu huu kama 6 katika kila 100. Kisha wagonjwa 34 wakajaribiwa dawa isiyo na chombo: kukaa kwa vikundi, kuzungumza, kuimba, kukumbushana mambo ya zamani, vikao 14 kwa wiki 7. Walipopimwa tena, akili zao zilikuwa zimechangamka.

Mwenye mzee wa namna hii halazimiki kufunga safari ya Dodoma. Unguja iko Kidongo Chekundu, Dar es Salaam iko Muhimbili. Tabibu ataanza kwa kupima damu na kuuliza dawa anazomeza, kwani usahaulifu mwingine hutokana na tezi ya shingo, upungufu wa vitamini au huzuni, nao huo hutibika.