Machimbo ya Bamburi

Katika Mombasa bara, upande wa kaskazini, kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1954 kilichimba mawe ya matumbawe hata ardhi ya Bamburi ikabaki nyeupe, yenye chumvi na hari, isiyo na udongo wala kivuli. Mwaka 1971 Bwana René Haller, mzaliwa wa Uswisi, alijaribu humo miti ya namna 26, na iliyostahimili ikawa michache mno, mvinje ukitangulia. Lakini majani yake makavu hayakuoza, mpaka walipoletwa majongoo wakayala, na kinyesi chao kikawa rutuba, na machimbo yakageuka bustani. Mwaka 1984 raia wakafunguliwa mlango wa bustani hiyo, ambayo leo yaitwa Haller Park. Ni kazi adhimu. Walakini ina kiingilio, na mtoto wa eneo hilo la Kisauni asiye na senti anastahiki naye mahali pa kucheza. Enyi wakuu wa mji, hifadhini viwanja vya umma vilivyosalia.